Onyango Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Sehemu ya kwanza, kama ilivyosomwa kantini Alhamisi mbele ya Mkurugenzi

Baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi, Bwana Levis Onyango, mlinzi wa lango na mchezaji wa besiboli wa kampuni yetu, anastaafu leo, tarehe 26 Machi 2015. Wenye kumbukumbu nzuri watasema alishastaafu mwaka 2011, akastaafu tena mwaka 2013, na keki tulikula. Ni kweli. Mara zote mbili wasifu wake uliandikwa na Bwana Herbert wa uhasibu, ambaye husoma masomo kanisani Mesaimeer na ulimi wake una asali. Mara zote mbili Mkurugenzi wetu, Mzee Nassor, alizisikiliza zile sifa, akafuta machozi, akasema mtu wa aina hii haachiliki, kisha akakirudisha mfukoni, bila kukitia saini, kibali cha kutoka nchini ambacho hapa Doha mfanyakazi hapandi ndege bila kuwa nacho. Safari hii kamati ya kumuaga imeona ni haki Mkurugenzi aambiwe ukweli bila asali. Kazi hiyo nimepewa mimi, Hannah Wanjiru, muuguzi wa zahanati ya kampuni, na waliowahi kuchomwa sindano nami hawatashangaa.

Kwa walioajiriwa juzi, nieleze kidogo. Kampuni yetu inalinda majengo ya watu. Wateja wetu wakubwa ni Wajapani na Wakorea, nao kila Ijumaa jioni hucheza besiboli kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya mtaa wa Abu Hamour. Mikataba ya maana hupatikana pale chini ya turubai, glasi ya maji baridi mkononi. Mzee Nassor, mzaliwa wa Mombasa na mtu wa kandanda, haijui besiboli mpaka leo, lakini alijua mapema kwamba kampuni isiyo na timu haipati kiti chini ya turubai. Mwaka 2003 akaagiza kutoka Uganda mchezaji wa kweli, aliyefunzwa mchezo huu na mwalimu mmoja wa shule huko Tororo na kuucheza katika klabu moja Kampala. Viza haikuwa na kazi ya namna hiyo, ikaandikwa mlinzi. Siku sita Onyango alilinda lango la maegesho. Siku ya saba, ambayo sheria inaiita ya mapumziko, alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, akizuia mipira isipite na wapinzani wasirudi kwenye kituo cha mwisho, ambacho mchezo huu unakiita nyumbani.

Sasa makosa yake. Langoni alisimama amekunja magoti, mikono mbele, macho kwenye barabara, kana kwamba kila gari limepigwa kwa gongo kumwelekea. Mama mmoja aliyekuja kuegesha aliogopa akarudi kwao. Tulimkanya, akajitahidi kusimama wima kama mlinzi wa kawaida, na baada ya dakika chache magoti yakakunjika yenyewe.

Uwanjani ni mchoyo. Mpira ukija upande wa kushoto ni wake, ukija katikati ni wake, na ukielekea kwa Laban anayelinda kituo cha pili, Onyango anafika kabla Laban hajaamua kama ataondoka. Laban alikuja Doha kijana mwembamba. Mtazameni leo, na mjue nani amesababisha ule mwili.

Tena ni mvivu. Wachezaji wengine hukimbiza mpira hadi wakatoa jasho linaloonekana na Mkurugenzi. Onyango hakimbizi, kwa sababu mpira unapofika yeye yupo pale tayari, anauokota kama mtu anayeokota funguo zake. Wageni wengi chini ya turubai wameniuliza yule bwana analipwa kufanya nini.

Tena anapoteza muda. Kila Ijumaa, akitoka ibada ya alfajiri Mesaimeer, huenda moja kwa moja uwanjani na kuokota vijiwe vilivyo mbele ya nafasi yake, kimoja kimoja, asubuhi nzima, peke yake. Upepo ukivuma usiku mmoja vinarudi vyote. Na mafuta ya kupaka ya zahanati, niliyoagiza kwa ajili ya visigino vya walinzi, yamekuwa yakiishia kwenye glavu yake. Visigino vyenu vimepasuka, lakini glavu ya Onyango ni laini.

Kubwa kuliko yote ni fainali ya 2011. Mkurugenzi alikuwa Maskati kwenye harusi ya mpwa wake, akaletewa habari kwamba Wakorea wamechukua kombe. Aliapa mbele yetu sote kwamba Onyango haondoki mpaka kombe lirudi. Kitu ambacho hakuambiwa ni nani aliyelipoteza. Ulikuwa mpira wa mwisho, mwepesi, wa kudakwa na mtu yeyote, na aliyeuangusha ni Levis Onyango. Kwa hayo machache, Mkurugenzi, tunaomba utupunguzie mzigo huu.

Sehemu ya pili, iliyoandikwa kwa ajili ya jarida baada ya ndege kuondoka

Ndege yake iliruka Ijumaa mchana. Jumamosi alipiga simu kutoka Tororo, nami nikasubiri kumsikia Scovia kwa nyuma akimwambia aache simu ale, ndipo nikakaa kuandika haya. Mzee Nassor akiyasoma na kukasirika, zahanati iko wazi kila siku na anajua pa kunipata.

Scovia ni mkewe. Alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja hapa mjini, na walikaa pamoja chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwaka 2011, siku chache kabla ya keki ya kwanza, alitangulia nyumbani na masanduku yote kwa kuwa mumewe angemfuata wiki ile. Masanduku yakafika. Mume hakufika, kombe lilikuwa limepotea na lazima lirudi. Mwaka 2013 tulilirudisha, tukadhani sasa basi, kumbe mshindi naye haachiliwi. Scovia amechinja jogoo mara mbili, na mara mbili wamemla majirani. Binti yao Fiona, ambaye walipoachana na baba yake alikuwa bado akijifunza kuandika jina lake, mwaka jana alimtumia baba yake ujumbe kwenye simu akimuuliza ana urefu gani. Onyango alinionyesha ule ujumbe zahanati. Hakujua amjibu nini, akaniomba nimpime.

Magoti yake nayajua kuliko ninavyoyajua ya kwangu. Nilimshauri waziwazi aiache mipira michache ipite, timu ishindwe, Mkurugenzi amchoke. Aliniangalia kama nimemwambia aibe sadaka.

"Sista, hii magoti imekwisha, najua," akasema. "Lakini mpira ikikuja, mimi siwezi iacha. Hiyo nimeshindwa."

Ndiyo maana tukaamua kumchafulia jina bila kumshirikisha. Tulijua angekataa.

Alhamisi basi nilisoma. Ya lango watu walicheka, ya Laban walicheka zaidi, na Laban mwenyewe akashika tumbo. Mzee Nassor hakucheka, ila kalamu alikuwa nayo mkononi. Nilipofika kwenye fainali ya 2011 kantini ikanyamaza, maana kila aliyekuwapo uwanjani siku ile alijua ukweli. Mpira uligonga kijiwe, ukaruka hadi usawa wa sikio, Onyango akaunyakua kwa mkono mtupu na kumrushia Herbert kwenye kituo cha kwanza, pale pale kifuani. Herbert ndiye aliyeuangusha. Onyango alitukataza kusema. Alitaka Herbert alale usingizi, na nadhani zile asali mbili za wasifu zilikuwa deni la siku ile.

Herbert alikuwa wa kwanza kutaka kusimama. Uso ulikuwa umemwiva na mdomo tayari uko wazi, na kama si Rael wa zamu ya maegesho kumkanyaga mguu kwa buti, tungekula keki ya nne mwaka 2017. Kisha Onyango akasimama.

Niliogopa kweli. Mtu huyu alivumilia mabasi ya joto, chumba kisicho na mke na keki mbili za uongo, lakini sikuwahi kumsikia akivumilia kuambiwa ameangusha mpira. Magoti yakakunjika, mikono ikaja mbele. Akamtazama Herbert, akaitazama kalamu ya Mkurugenzi, akanitazama mimi.

Akakaa.

"Kumbe ndiye huyu?" akasema Mzee Nassor. "Nami nimemuweka miaka yote hii!" Akatia saini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, na keki hakuionja.

Leo asubuhi Herbert amekwenda mwenyewe ofisini kwa Mkurugenzi kusema lililokuwa lake. Ametoka na habari kwamba yeye sasa haruhusiwi kustaafu. Amesema amepona.

Bwana Onyango, kwa niaba ya walinzi, wafagizi, madereva na zahanati yenye upungufu wa mafuta ya kupaka, tunakushukuru, na tumekupenda sana. Uishi vizuri na Scovia, jogoo wa tatu aliwe na wenyewe, na Fiona asimame karibu nawe ajue urefu wako. Nimekutazama Ijumaa nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ule wa Alhamisi, nilioutupa mimi, ndio mpira pekee niliokuona ukiuacha upite.