Ngoma Mbili Chini ya Kitanda

Fungeni mlango, wanangu, na komeo mlitie. Kaeni hapo ninapoiona mikono yenu. Wewe kitinda mimba, mwenye digrii isiyo na kazi, andika. Leo angalau kalamu yako imepata kibarua. Andika nisemavyo, usinipambie.

Mbavu zimevunjika na pumzi haifiki chini, kwa hiyo sitarudia. Gereji na vifaa vyote, hadi spana ya mwisho, ni vya binti yangu, maana ndiye aliyechafuka grisi pamoja nami miaka kumi na minne huku wengine mkinikumbuka kwa simu za sikukuu. Nyumba ni yenu watatu, isiuzwe. Lakini lile gari kuukuu pale uani lazima nilisemee, kwa sababu nawasikia mnavyonong'onezana jikoni. Binti yangu, jana ulisema, "Kaka ndiye aliyemmaliza Baba na zile diski zake za breki." Usiangalie chini. Nimevunjika mbavu, si masikio.

Sikilizeni basi. Kaka yenu huyu, kifungua mimba wangu, alipokuja na boksi akasema, "Mzee, breki za ngoma huko nyuma ni mambo ya kale, tia diski, hii ndiyo apgredi," nilijiuliza: mtoto asiyenitia machoni miaka miwili, leo ana uchungu gani na breki zangu? Tena anauza bima, jambo ambalo halikunipunguzia shaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikafungua boksi. Kalipa, yale makoleo yanayoibana diski, zilikuwa mpya, zinang'aa, ila hazikuwa na mkono wa kushika kebo ya handibreki. Yaani ukikanyaga, gari linasimama vizuri kabisa. Ukiliegesha mlimani, hakuna cha kulizuia. Niliona, nikanyamaza. Nikazifunga hivyo hivyo, ile kebo nikaifungia kwenye chesisi kwa kipande cha waya, nikasema moyoni: ngoja nione kama ataniambia, au ataniacha niumie. Nilimtegea mwanangu mtego, na maskini hata hakujua kwamba kalipa huwa na mkono.

Siku nane niliweka jiwe kwenye gurudumu kila niliposhuka. Siku ya tisa nikasimama penye mteremko wa lango letu, gia huru, na mkono huu ukaivuta handibreki wenyewe, kama ulivyoivuta miaka arubaini. Ikalia ka-ka-ka. Nikaridhika, nikashuka kufungua lango. Mazoea yana taabu. Gari likanifuata polepole, bila kelele, kama mbwa amfuatavyo bwana wake, likanibana kwenye chuma cha lango.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa na mdomo, ningeuliza tu, "Mwanangu, mbona hizi hazina mkono?" Sikuuliza. Kwa hiyo atakayemwita kaka yake muuaji, hata kwa kunong'ona, radhi zangu hana. Andika hilo, ulipigie mstari.

Hata hivyo, kifungua mimba, mpaka leo sijui kwa nini ulikuwa na haraka vile ya kuzitupa ngoma zangu. Usijibu. Nitaondoka na shaka moja. Nimezoea kutembea nayo.

Hazikutupwa. Inama, zivute, ziko chini ya kitanda hiki, ndani ya ovaroli langu, na viatu vyake vya breki na springi zake zote. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Binti yangu, zirudishe leo hii, na kaka yako akushikie taa, alale chini naye achafuke. Gari ni lake. Siku akitaka diski, anunue zenye mkono, na akuulize wewe kwanza. Naye akikuuliza, umjibu vizuri.

Mkimaliza... nipeni maji kidogo... mkimaliza, liegesheni palepale kwenye mteremko, gia huru. Handibreki ikilia msiiamini; hata siku ile ililia. Lisukumeni. Wote watatu, bega kwa bega, kwa nguvu zenu zote. Dirisha liacheni wazi nisikie mnavyohema.

Lisiposogea, njooni mniambie. Asije mmoja, nitadhani ananidanganya. Njooni wote.

Mungu awashike, wanangu... awashike hata mlimani... mkono wake usiachie.

Haya. Toeni komeo. Nendeni.