Sajini Kinunda Anakwenda Kuzeekea Kwao

Baada ya miaka kumi na minne katika ofisi yetu ya mizigo hapa Sanyuanli, China, Sajini Didas Kinunda anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, akiwa na umri wa miaka sitini. Mimi, Hafidha wa nyaraka, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, wanasema wenzangu, ndimi niliyegombana naye mara nyingi kuliko wote. Ni kweli, wala sijutii.

“Sajini” si jina la utani. Alilitumikia Jeshi la Wananchi miaka ishirini, akapelekwa China kusomea redio, akapigana vita vya Kagera. Alipovua sare mwaka 1985, bosi wetu Bwana Nassor alimwajiri kwa sababu moja tu: anajua Kichina. Ghalani alituendesha kijeshi, katoni zikakaa mstari na sisi pia. Wenye maduka waliozoea kutufukuza kwa “meiyou”, yaani hakuna, walipomwona yeye mzigo ulipatikana. Hakuwa akipandisha sauti. Aliketi akanywa chai yao birika kwa birika mpaka wenyewe wakachoka.

Lakini kubwa alilotuachia ni sinia. Kwao ni Umatengo, katika kijiji kidogo milimani huko Mbinga, kusini kabisa mwa Tanzania. Huko wanaume wa ukoo hula pamoja kwa babu yao. Kila nyumba huleta chakula chake, na mambo ya ukoo husemwa hapohapo. Wanaita sengu. Wiki yake ya kwanza alitandika mkeka ghalani akatangaza kuwa saa saba mchana ni marufuku mtu kula peke yake. Kwao wanawake hula kando. Mimi nilikaa bila kuuliza, naye akasogea akanipisha. Sharti lake lilikuwa moja: wenye ugomvi waumalize kabla ya tonge la kwanza. Liévin wetu wa Lubumbashi na Bwana Nassor waliwahi kununiana wiki nzima kwa kontena lililopakiwa ovyo. Sajini aliwakalisha mbele ya sinia moja, na wali ukapoa hadi bosi mwenyewe akakiri kosa ni lake. Ramadhani mlo ulihamia magharibi, na yeye, Mkatoliki, alishinda na njaa pamoja nasi kwa hiari yake.

Sasa niseme aibu yangu. Mwezi Machi alipotuarifu kuwa anastaafu, niliandika barua ya kumsihi abaki miaka mitatu zaidi. Tulitia sahihi sote, bosi akiwa wa kwanza, tukamkabidhi wakati wa chakula. Aliisoma, akaikunja, kisha akatusimulia mambo ambayo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Babu yake alichukuliwa na Wajerumani mwaka 1916 kubeba mizigo ya vita, akamwacha mkewe mjamzito. Hakurudi. Mtoto aliyezaliwa, baba yake Didas, aliingia jeshi la Mwingereza, lile la Keya, akafia Burma. Didas alikuwa na miaka minne baba alipoondoka. Nyumba ikawa haina mzee wa kula naye, basi akawa anapeleka bakuli lake sengu ya nyumba ya pili. Hakuna aliyemnyima tonge, alisema, ila mtoto anajua anapokula kwa watu. Mama yake, Bi Imelda, alimlea kwa kahawa na jembe, akamwomba jambo moja: asiwe askari. Akawa askari. Vitani alitoka salama, akaja huku. Mwanawe Pius naye akakulia kwa watu, na leo wajukuu watatu wa Sajini wanabeba bakuli kwenda mlango uleule. Mwanamume wa nyumba ile hajawahi kuota mvi akiwa kwao. Bi Imelda ana miaka sabini na minane, na Sajini alituambia anachokiogopa ni kimoja: mama asije akafa kabla ya kumwona amekaa nyumbani.

Barua niliichana kwa mkono wangu, nikamwomba radhi mbele ya wote kabla ya tonge la kwanza, kama sharti linavyotaka.

Sajini, tunakushukuru. Tulikuja mji huu kila mtu na lake, ukatufanya ndugu, na ndugu hao umewalisha ukiwa na njaa ya kwako ambayo hatukuijua. Ahsante, na utusamehe tulivyokung’ang’ania.

Anatarajiwa kufika kijijini Jumapili, tarehe 8 Agosti. Tulimwandikia Bi Imelda kumuuliza tumtume na zawadi gani, naye amejibu kwa barua aliyoiandika Pius: zawadi hataki, na ameshawaambia wajukuu kwamba kuanzia Jumapili hiyo hakuna tena kwenda kula kwa watu. Tunakutakia uzee mrefu, Sajini, na watoto wengi kwenye sinia lako.