Kwaheri ya Pili ya Mzee Gawanya

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana ya umeme ya hospitali yetu, Mzee Gawanya anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wasomaji watajiuliza mbona habari hii wameshaisoma. Ni kweli. Tulimuaga mwaka jana, keki tukala, naye akarudi kazini kabla makombo hayajafagiliwa. Safari hii tunaomba aende kweli, maana amechoka, na sisi tumechoka kumwona amechoka.

Alianza kwa kubebea mafundi ngazi, akamaliza akiwa msimamizi wa karakana. Jina lake alilipatia wodini. Wauguzi walichomeka mabirika mawili na pasi kwenye waya mmoja wa kuongezea, kisha wakaulaumu umeme. Hakugomba. Aliwaambia wagawanye wati kwa volti wapate ampea: birika la wati elfu mbili, kwa volti mia mbili na thelathini, linakula karibu ampea tisa, na waya ule ulikuwa wa kumi na tatu tu. Aliyasema hayo mwaka hadi mwaka. Mabirika bado yapo, ila siku hizi hakuna muuguzi anayenunua kifaa bila kukipindua kwanza asome wati zake.

Mwaka jana, alipokwisha kuondoka, tulifunga pampu mpya ya maji mwisho wa uwanja, mita mia mbili kutoka switchi kuu. Karakana ikapiga hesabu ya volti zitakazopotea kwenye waya: ampea mara ukinzani, jibu volti kumi na mbili. Tukaona si neno. Pampu ikawashwa, ikanguruma, ikagoma kuzunguka, na wodi ya wazazi ikakosa maji mchana kutwa. Tukampigia simu. Alikuja na kandambili, akaitazama hesabu yetu ubaoni, akauliza kama umeme wetu ukishafika kule unalala hukohuko. Tulikuwa tumehesabu waya wa kwenda tu. Ukijumlisha na wa kurudi, volti karibu ishirini na tano zilikuwa zinaishia njiani. Waya mnene ukalazwa, maji yakatoka, na uongozi ukamwomba abaki wiki mbili tu. Wiki mbili zenyewe ndizo zinaisha mwezi huu.

Magoti yanamsumbua, na ngazi anaipanda kwa vituo. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga kuhamia kwa binti yao, wawe karibu na wajukuu. Mama wa watu alifungasha masanduku, akayafungua, akafungasha tena. Juzi alipiga simu karakana kuuliza kama tunamrudishia mumewe au tumeshamwandikisha kuwa mali ya hospitali. Ilituuma, kwa sababu haki ni yake.

Kwa miaka mingi namba ya simu ya Mzee ilikuwa kwenye mlango wa chumba cha switchi kuu, kwa rangi nyekundu, chini ya alama ya hatari. Ijumaa tumeifuta kwa rangi ya kijivu, na mahali pake tumeandika ile hesabu ya pampu, kwenda na kurudi. Alitutazama tukiandika hadi herufi ya mwisho, kisha akaomba kiti.

Asante, Mzee Gawanya, kwa mwanga, kwa maji, na kwa kutuvumilia sisi na mabirika yetu. Tunakutakia maisha mema huko kwa binti yako. Tukijisahau tukakupigia, usipokee. Mpe mama simu, atatujibu.