Bi Kizaazaa Alivyomsema Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Punguza moto jikoni, uje ukae. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetuvunja mbavu kwa miaka mingi, mchekeshaji na mwigizaji, Bi Kizaazaa. Ametutoka wiki hii, akiwa nyumbani kwake, mumewe amemshika mkono.

Ndiyo, mume yule yule. Yule aliyesemwa.

Maana hakuna asiyemjua mume wa Bi Kizaazaa. Mvivu, mlafi, anakoroma mpaka majirani wanahama. "Mume wangu ni fundi friji," Bi Kizaazaa alikuwa akisema. "Anatengeneza friji za mtaa mzima. Ya kwetu ni kabati la viatu!" Watu hoi. Na mwenyewe mume alikuwa pale pale ukumbini, safu ya tatu, ametulia tuli kama si yeye anayetajwa.

Tuanze alikoanzia. Bi Kizaazaa alikuwa mfungashaji wa sabuni kiwandani. Saa ya chakula anapanda juu ya kreti, anamwigiza msimamizi wao: tumbo mbele, mikono nyuma, sauti ya puani. Siku moja wenzake wakanyamaza ghafla. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake. Mwingine angeruka chini na kuomba radhi. Yeye hakugeuka hata kidogo. Akaendelea kwa sauti ile ile ya puani: "Na wewe mama uliyepanda kreti, shuka upesi, unawapotezea watu muda!" Akajishusha, akajikaripia, akajirudisha mwenyewe kazini. Msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta. Mwisho wa mwaka ni yeye aliyempandisha jukwaani, kwenye sherehe ya wafanyakazi. Kutoka hapo, jamani, nani angemshusha?

Runinga nayo ikamtaka. Mnamkumbuka kama yule mama mwenye nyumba, mkali, anayezima taa za wapangaji. Aliigiza mpaka watu wakaamini. Binti yake anatuambia, "Tulikuwa tumekaa hospitali, tunasubiri zamu. Kijana mmoja akamwona Mama, akainuka na begi lake. Akasema, 'Mama, naondoka, usinitolee vitu nje.'"

Lakini sikilizeni jinsi alivyofanya kazi. Kila kichekesho kipya kilianzia mezani kwake. Mume anakula, yeye anasimulia. Mume akiweka kijiko chini ili acheke, kichekesho kinakwenda jukwaani. Asipoweka kijiko, kichekesho kinatupwa, hata kiwe kitamu namna gani. Narudia, wasikilizaji: hakuna neno baya alilomsema mumewe mbele ya watu ambalo mumewe hakulipitisha kwanza. Na mume mwenyewe ni mtu wa haya kupita kiasi. Siku ya harusi ya binti yake alimtuma shemeji yake akaseme kwa niaba yake.

Kisha ugonjwa ukaingia. Ugonjwa wa kusahau. Ulianzia kwenye runinga. Maneno ya mchezo yakawa hayakai kichwani, leo mstari mmoja, kesho ukurasa mzima. Muongozaji alimwambia kwa upole akapumzike. Bi Kizaazaa alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia binti yake: "Runinga waichukue. Ila siku nikishindwa jukwaani, basi mimi nimekwisha. Mtabaki na mwili tu." Hakuwa anatania. Binti anasema ni mara ya kwanza kumwona mama yake akisema jambo bila kumalizia na kicheko.

Ukafika usiku wa onyesho. Ukumbi umejaa pomoni. Akaanza na kile kile cha friji, kile ambacho hata watoto wanakijua. "Mume wangu anatengeneza friji za mtaa mzima. Ya kwetu..."

Kimya.

"Ya kwetu..."

Wapi! Maneno yameyeyuka. Binti alikuwa nyuma ya pazia, ameuma kidole. Watu wakaanza kutazamana. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, yule mwenye haya, yule aliyeogopa kusema harusini, akasimama katika safu ya tatu. Akapaza sauti: "Ya kwetu ni kabati la viatu! Na aliyeanza kuweka viatu ni wewe!"

Lo! Ukumbi ukapigwa na butwaa. Mlinzi wa mlangoni akadhani huyu ni mlevi anayemvurugia mama wa watu kazi. Akaja mbio, akamkamata mzee mkono. "Mzee, tuheshimiane. Toka nje."

Bi Kizaazaa alimtazama mumewe. Binti anasema hakujua kama Mama amemtambua au la. Kisha akainua kipaza sauti: "Wee kijana, mwache huyo! Mimi nimejaribu kumtoa tangu nikiwa msichana, nimeshindwa. Wewe utamweza?"

Ukumbi ulilipuka. Mlinzi mwenyewe alikaa chini akacheka. Wale wawili wakaendelea kuzozana mpaka mwisho, yeye anaanza, mume anamalizia, yeye anamrudi. Anayesahau vichekesho alikuwa hajasahau kujibu. Kujibu kulikuwa kwenye damu.

Watu wakasema, aa, amekuja na mtindo mpya! Wenye kumbi wakawa wanaagiza, "Aje na yule mzee mkorofi." Walizunguka hivyo zaidi ya mwaka. Wewe uliyekuwa ukicheka, na mimi niliyekuwa nikicheka, hatukujua kwamba tulikuwa tukimwona mtu akimshika mkewe asianguke. Kila asubuhi fundi friji alikuwa akiketi naye na kumuuliza, "Leo unanisema nini?" Wanayapitia yote, neno kwa neno. Mimi nimekaa na wasanii wengi kwenye studio hii. Jambo la namna hiyo sijapata kuliona.

Mwisho hata jukwaa likawa gumu. Akabaki nyumbani. Jina la mumewe likapotea, na sura yake pia. Lakini mzee akiingia tu chumbani, anapokewa: "Karibu, kaka. Keti nikupe habari za mume wangu." Anaketi. Anasimuliwa uvivu wake, ulafi wake, kukoroma kwake. Anacheka kila mara.

Jana tulikwenda kumpa pole. Alitusimulia kwamba siku moja, karibu na mwisho, Bi Kizaazaa alikatisha kichekesho na kumuuliza, "Na wewe kaka, una mke?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

"Ananitunza. Ila ananisema sana mbele za watu."

Bi Kizaazaa akafikiri. Akamwekea mkono begani. "Mvumilie, kaka. Mimi wangu namsema hivi hivi. Nisipomtaja naona kama siku haijaanza. Nampenda mno, hata sijui ningemwambiaje."

Mzee alipofika hapo alifuta macho kwa kiganja. Akasema, "Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Ilibidi niwe mtu baki ndipo nisikie."

Kwa mzee wetu, kwa binti, kwa wajukuu na kwa wenzake wa kiwandani: poleni sana. Msiba ni wenu, na ni wetu pia. Mungu amlaze pema.

Wasikilizaji wapendwa, tuliomba kuweka dakika ya ukimya. Mzee amekataa. Amesema mkewe hakuzoea ukumbi ulionyamaza. Kwa hiyo nitaweka kanda yake moja, na wakati inacheza, mgeukie aliye karibu nawe. Lile ambalo umekuwa ukilificha kwenye utani miaka yote, mwambie leo, angali anakujua wewe ni nani.