Namba Iliyoandikwa Juu ya Picha

Wazazi wangu, shikamooni. Wa Bwana asifiwe nimewasikia, wa Asalamu aleikumu nimewasikia, tuko wote. Mwenyekiti wa kikundi chetu kanipa nafasi niseme, na mnamjua, akichoka atagonga meza. Nitajitahidi nisilie. Nikilia mnivumilie, nitaendelea.

Mnanijua kwa maturubai ya kukodisha. Wengi mmekalia viti vyangu, kwenye harusi za watoto wenu na kwenye misiba yenu. Biashara ile tuliianzisha na mume wangu pale nyumbani, upande wa Zuzu, hapa Dodoma, tukiwa na turubai moja lenye viraka na masufuria ya pilau ya kuazima. Yeye anafunga kamba, mimi napika. Zamani anayetaka turubai alimwuliza jirani, na jirani alionyesha kwa kidole: nyumba ile pale. Hatukuhitaji tangazo.

Kisha mji ukajaa. Wizara zikahamia Mtumba, wakaja watu wa mikoa yote, na mtu wa Bukoba aliyepanga huko hana jirani wa kumwuliza. Anauliza simu yake. Mume wangu aliliona hilo kabla yangu. Akasema, "Mama watoto, na sisi tuingie mtandaoni." Nikamwambia ingia wewe, mimi nina vitunguu vya kumenya.

Akatafuta fundi wa kutengeneza tovuti. Siku ilipokamilika akaniita nifute mikono nije nione. Ndugu zangu, nawaambia, nilijivuna. Ukifungua tu, muziki wa harusi unapigwa wenyewe. Picha zinapita mbio, hujamaliza kutazama hii imekuja nyingine. Kuna ukumbi wa vioo na mataa ambao sijawahi kuuona Dodoma hii, fundi aliutoa anakojua yeye. Kuna maneno ya Kiingereza yanayomkaribisha mgeni kwenye ulimwengu wa umaridadi. Umaridadi! Sisi wa masufuria. Na mwanzo kabisa yupo mume wangu, kavaa suti aliyovaa kwenye harusi ya mdogo wake, anacheka, na namba yake ya simu imechorwa juu ya picha hiyohiyo kwa rangi ya dhahabu. Ndivyo tunavyofanya sisi, biashara ikiwa yako unaweka sura yako na namba yako, watu wakujue. Nilimwambia umependeza, baba. Hakuna kati yetu aliyejiuliza mteja mwenye haraka atafanyaje pale. Tuliitazama kama tunatazama albamu ya familia.

Mume wangu hakuugua muda mrefu. Sitaki kuusimulia ugonjwa ule, baadhi yenu mlikuwa wodini pamoja nami. Alifariki, tukampeleka kumzika kwao, Kibaigwa. Maturubai ya siku ile yalikuwa yetu, na yalifungwa vibaya, kwa sababu mfungaji ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Tuliporudi mjini, simu yake ikawa inaita. Nilikuwa nayo mimi. Mtu anasema, "Habari, naomba kuongea na mwenyewe." Nasema mwenyewe amefariki. Anasema, "Pole sana, sikujua," halafu anakata. Harudi tena. Nani ataanza kuulizia viti baada ya hapo? Na mimi sikuwa na akili ya kumwambia subiri, kazi bado ipo. Kila aliyepiga, nilimzika mume wangu upya. Kuna mmoja alinijibu, "Acha utani, dada, mbona namwona hapa anacheka?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaitazama tovuti. Nilizima simu ile nikaitia kabatini chini ya mashuka, nikajiambia nitaiwasha nikipata nguvu.

Nguvu haikuja. Kazi zikakauka. Vijana wa kufunga wakaenda kutafuta riziki kwingine, wala siwalaumu. Panya wakatoboa turubai moja stoo. Shemeji yangu akanishauri niuze kila kitu nirudi kwa wazazi wangu, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia mnunuzi. Siku hizo mliniona hapa nakaa nyuma, mkutano ukifungwa natoka kimyakimya. Ile biashara ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho cha kwetu wawili, na nilikuwa naiacha ife.

Basi, mchana mmoja akaja mtu nyumbani, kaletwa na bodaboda anayenifahamu. Mzee wa makamo, mfanyakazi wa wizarani, mpole. Alitaka maturubai kwa ajili ya arobaini ya mke wake. Nikampa pole, nikamkaribisha kiti. Akanitazama, akauliza, "Hapa ndipo kwa yule bwana wa kwenye tovuti?" Nikasema ndipo.

Akasema, "Siku mke wangu alipofariki niliwatafuta sana, dada. Watu walikuwa wameshajaa kwangu Mtumba, tunasubiri ibada kabla ya kumsafirisha. Nikafungua tovuti yenu sebuleni. Ukapigwa muziki wa harusi. Wafiwa wote wakanigeukia." Akaendelea, "Mama mkwe wangu alidhani nimefanya makusudi. Nikatafuta sehemu ya msiba, sikuiona. Nikaigusa namba ipige, haipigi, ni picha. Na kabla sijamaliza kuisoma, picha imepita. Nikaingoja izunguke irudi. Nikaiandika kiganjani. Nikapiga, imezimwa. Tulimuaga mke wangu watu wamekaa juani."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza. Akauliza, "Huyo bwana yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mume wangu, na yeye tumemzika. Mzee yule aliinuka kitini, akanishika mkono. Tulilia pale uani kama watoto. Baadaye nilimfungia maturubai ya arobaini, nikashika kamba mwenyewe.

Lakini usingizi ulinikataa. Nilikuwa nafikiria wale wafiwa wanageuza vichwa. Maumivu yangu nilikuwa nimeyafungia kabatini, kumbe yanatoka yanakwenda kukaa kwenye misiba ya watu wengine.

Ndipo nikamfuata dada mmoja wa kikundi hiki. Kanikataza nisimtaje, na sasa hivi anaangalia chini, basi nitamwacha. Kazi yake ni ya mawasiliano huko ofisini, mambo haya anayajua. Tukampigia yule fundi. Akatuambia tovuti yote imefungwa kwa neno la siri la marehemu, na njia pekee ya kulibadilisha ni msimbo utakaotumwa kwenye simu yake. Dada akanitazama. Akasema, "Iko wapi?"

Niliitoa chini ya mashuka. Nikaichaji. Nikaiwasha. Ndugu zangu, ujumbe uliingia mpaka simu ikawa inatembea yenyewe mezani. Wa pole, wa kuulizia bei, wa kuuliza mbona kimya. Na katikati yake upo wa mzee yule: "Nimefiwa na mke wangu. Naomba turubai na viti leo. Nipo Mtumba. Tafadhali." Niliusoma, nikatoka nje. Dada hakunifuata. Alinisubiri mpaka niliporudi, akasema, "Msimbo umefika. Tuendelee?" Nikasema tuendelee.

Hakuanza na rangi wala mapambo. Aliniuliza, "Mtu akifiwa, kitu cha kwanza anachotaka kukijua ni nini?" Nikajibu: kama mpo, kama mnaweza kuja leo, na nimpigie nani. "Basi hayo ndiyo yakae juu." Muziki tukaufuta. Ukumbi wa vioo tukautoa, tukapiga picha maturubai yetu yenyewe, na lile lenye viraka limo. Kiingereza kikaondoka. Misiba ikapata ukurasa wake na harusi wake, wasikutane. Tukaandika tunafika wapi, bei ni ipi, na kama usafiri umo. Namba yangu ikawekwa kwa maandishi ya kawaida, ukiigusa inapiga. Kisha dada akachukua simu ya mwanangu, ile iliyopasuka kioo, akasema tuifungulie humo, maana mteja wetu anashika simu kama hii na bando lake ni dogo. Ikafunguka mara moja.

Ikabaki picha ya mume wangu. Hapo niligoma. Nilimwambia dada hiyo siitoi, nikiitoa namfukuza. Hakubishana nami. Nikampigia mama mkwe, Kibaigwa. Kiswahili chake ni cha kuunganisha na Kigogo, lakini siku ile alinyoosha. Akasema, "Mwanangu, mimi picha yake ninayo ukutani. Nikimtaka namtazama. Huyo anayepiga simu amefiwa, anataka kivuli. Mpe kivuli." Nikaitoa kwa mkono wangu.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja, sauti imekauka kwa kulia. Akauliza, "Maturubai ya msiba yapo? Tunayataka mchana huu." Nikasema yapo, mama, pole, niambie nyumba iko wapi. Hakumwulizia mume wangu. Hakujua kama aliwahi kuwepo. Nilipokata simu, nilifurahi, na ile furaha iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikafuta macho, nikawaita vijana, tukapakia.

Biashara ipo. Haijawa kubwa, ila ipo, na wale vijana wamerudi. Namshukuru Mungu. Namshukuru dada anayeangalia chini. Namshukuru mzee yule ambaye alikuwa na haki ya kunitukana na akanishika mkono. Namshukuru mama mkwe. Nawashukuru ninyi mlioniacha nikae nyuma bila kunisumbua, halafu mkanisikiliza nilipokuja mbele.

Wenye saluni, wenye miche ya zabibu, wenye vyumba vya wageni, tovuti si ya kujitazama wenyewe. Mpeni mtu asiyewajua aifungue kwenye simu mbovu, akiwa na shida, mkae pembeni mmwangalie anavyohangaika. Mtajua palipo na kasoro. Na mnaofanya biashara wawili, leo mkifika nyumbani, kabla hamjala, mwulizeni mwenzenu neno la siri. Atawacheka, atauliza mnalitakia nini. Mwulizeni tu, mkiwa mmekaa naye pale, anawajibu. Mimi wangu nilikuwa na miaka yote ya kumwuliza.