Mwewe Anapofika Mlangoni

Benchi letu liko nje ya saluni ya kinyozi, limeegemea ukuta, mguu mmoja umewekewa tofali, na anayekaa upande huo lazima akae kwa adabu. Siku hiyo nilikaa upande huohuo, mtoto mgongoni, na ndani nyuma ya pazia la shanga mume wangu alikuwa anapigana vita vya angani kwenye runinga, na mimi naomba apigwe. Naomba kabisa, midomo inacheza. Maana tangu upepo ulipoizungusha kreni anayoiendesha kule juu ya jengo refu, wakamteremsha kwa kamba, hajapanda tena, kichwa kinamzunguka, daktari kapima masikio, kapima damu, kasema mzima huyu, na msimamizi naye katuma ujumbe kwamba Jumatatu kiti kinamsubiri. Basi akaniambia, mke wangu, siku nikiimaliza ile gemu ya vyombo vya anga bila kizunguzungu, siku hiyo nimepona, napanda. Nikasema sawa. Ningesema nini? Nikaja kukaa na hawa wenzake watatu wa kijiweni, Kinyozi mwenye gemu, Spana fundi wa pikipiki na Rada dereva wa teksi, wanaomwita mume wangu Mwewe na kumtakia ushindi, na kahawa yao nikainywa.

— Kafa tena, shemeji, alisema Kinyozi akichomoza kichwa nje, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi.

Nikashusha pumzi. Wakadhani nasikitika.

— Kafia wapi? akauliza Rada.

— Palepale! Maadui kawamaliza wote, anga safi, kabaki kuingiza chombo ndani ya meli mama tu, mlango uko wazi, akajibamiza ukutani.

— Pedi yako hiyo ya kuchezea, akasema Spana. Kijiti cha kushoto kimelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

— Pedi mpya, nimenunua juzi.

— Juzi ya mwaka gani?

— Sio pedi, akasema Rada. Tatizo la gemu ile hakuna barabara. Mimi nikiendesha, tairi zinaniambia niko wapi. Kule ukisukuma mbele pua inashuka, ukivuta inapanda, ukishajiviringisha kidogo hujui tena juu ni wapi. Adui yuko nyuma yako, unageuka, naye anageuka, mnazungukana kama mbwa anayetafuta mkia wake. Halafu unapigwa na mwingine kabisa ambaye hata hamjasalimiana.

— Na ukifa unarudishwa mwanzo, akasema Kinyozi.

— Mwanzo kabisa! akadakia Rada. Usikilize tena hotuba ya kamanda, na huwezi kuiruka. Mke wangu anasema usingizini natoa amri.

Wakacheka. Mimi sikucheka, nikawauliza sasa kama inawatesa hivyo mnaipendea nini, nikauliza haraka haraka kwa sababu kwa kweli nilitaka kujua, mume wangu hushinda humo halafu nyumbani hanisimulii kitu.

Spana akazungusha kikombe mkononi, akafikiri.

— Shemeji, mimi gereji nashinda naitwa. Spana huku, Spana kule, Spana, hii mbona inavuja. Kule ukipunguza moto wa injini unaelea tu. Nyota zimetulia. Hakuna anayekujua. Halafu kitu kidogo kinametameta pembeni, na mikono inageuka kabla wewe hujawaza. Mimi sijawahi kujiona hodari mahali pengine popote.

Rada akakohoa, wote wakatazama chini kidogo.

— Lakini pale mlangoni pana jambo, akasema Kinyozi, na akakaa kabisa, kana kwamba ndani hana kazi. Mimi naamini ile gemu inamsoma mtu. Inapima jasho la vidole. Ikiona unakaribia kushinda, inakuchezea.

— Mlango unapungua, akasema Spana. Kila ukifa unapungua kidogo, nimeutazama vizuri.

— Nyie hamjui. Hamna kitu humo ndani ya meli! Rada akasimama. Waliotengeneza walichoka, au waligombana, wakaishia mlangoni. Sasa wakaona aibu, wakaufanya usiingilike. Nani kati yenu amewahi kuingia?

Spana akamnyooshea kidole.

— Wewe umewahi?

— Mimi sijawahi hata kufika, akasema Rada, akakaa.

Ndani muziki ukaanza upya, ule wa kuondoka kwa vyombo. Nikauliza, na akiingia je?

— Akiingia, Jumatatu tunamsindikiza sote hadi chini ya kreni, akasema Kinyozi. Mwewe ni mtu wa juu, shemeji. Ukimweka chini sana atachuja.

Na wanasema kwa upendo, ndicho kilichonitisha, laiti wangekuwa maadui ningewatukana. Nikamtingisha mtoto ambaye hata hakuwa analia.

Pazia la shanga likalia. Akatoka mtu nisiyemjua, kitambaa cha kunyolewa shingoni, kichwa upande mmoja kinang'aa na upande mwingine kichaka.

— Samahani, bosi, huu upande wa pili ni leo au?

Spana nusura amwage kahawa. Kinyozi akaruka akiomba radhi, akisema anakuja sasa hivi, kuna suala zito tu hapa.

— Suala la yule jamaa wa gemu?

— Huyohuyo. Tunatafuta kinachomwua mlangoni.

— Mimi mambo hayo siyajui, akasema yule mgeni. Runinga yenyewe sikuiona, nilikuwa nimeelekea kioo. Kwenye kioo nilimwona yeye tu. Akajikuna upande wenye nywele, akaendelea. Nilitaka kuuliza, kwa nini akifika hapo mnapoita mlangoni, kabla tu ya kile kishindo, anaiweka pedi mapajani?

Kinyozi akazima mashine. Spana, aliyekuwa na jibu la pedi siku zote, akatazama mikono yake.

Mimi nikainuka. Nikapita kwenye pazia na nikamkuta kafika, mlango wa meli mama unakua mkubwa mbele yake, mweupe, wazi kabisa, na pedi iko mapajani, viganja vimetazama juu, chombo kinajiendea chenyewe hadi kikapasuka. Akageuka akaniona. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa.

— Nimekufa tena, akasema.

— Nimeona.

Nikavuta kiti cha wateja nikakaa karibu naye hadi magoti yetu yakagusana, nikamwambia yote kwa mkupuo, kwamba nilikuwa nje naomba apigwe, kila siku naomba apigwe, naogopa hadi nguo zake za kazi nashindwa kuzianika, na kwamba nilidhani naogopa peke yangu.

Akaiweka pedi chini.

— Nitamwambia nini msimamizi?

— Mwambie unaogopa.

— Hivyo tu?

Nikamfungua mtoto mgongoni nikampa amshike, maana mikono yake ilikuwa mitupu.