Mama na Binti Yake Katika Darasa Moja

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama kwa kukosa viti, familia imemtuma mdogo wake marehemu, anayemfuata kwa kuzaliwa, awasomee maisha ya dada yake, na maneno haya yameandikwa na watu wawili, yeye pamoja na binti mkubwa wa marehemu, ambaye ametaka mambo yasomwe jinsi yalivyotokea, bila kupakwa rangi, kwa hiyo mtatuvumilia mkisikia humu mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika zahanati ya kijijini kwao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mkulima na mama mshonaji, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba hakulia mpaka mkunga alipompiga makofi mawili, kisha akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla ya muda wake. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akamaliza akiwa wa tatu katika darasa la watoto hamsini na wawili, akaendelea na sekondari hadi 1997, lakini mwaka huohuo baba yetu alifariki, na dada aliyafunga madaftari yake kwa kamba ya katani, akayaweka juu ya kabati, akatushika mkono sisi wadogo zake.

Tarehe 1 Machi 1999 aliajiriwa hospitali ya wilaya kuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, kazi yake ikiwa kudeki, kufua mashuka na kumwaga ndoo, na katika kudeki kwake akajifunza kusoma karatasi zinazoning'inizwa kwenye vitanda vya wagonjwa. Asubuhi moja alimwambia daktari wa zamu kwamba presha ya mama wa kitanda cha sita ilikuwa inapanda tangu alfajiri, daktari akamjibu, "Wewe deki," naye akadeki, na saa mbili baadaye mama yule akashikwa na kifafa cha mimba, akaokolewa kwa taabu kubwa, mtoto hakuokolewa. Dada alirudi nyumbani siku ile akaishusha kamba ya katani kutoka juu ya kabati, akatuambia kwamba hakuna mtu atakayemwambia tena adeki wakati anajua.

Katika hospitali hiyohiyo alikutana na dereva wa gari la wagonjwa, kijana mwenye maneno mengi, ambaye kila alipoleta mzazi alikuwa akitangaza mlangoni, "Nimeleta mmoja, naomba kuondoka na mmoja," mpaka siku moja dada akamjibu kwamba anayeomba mtu huenda kwao, haombi mlangoni, naye akaja kwetu kweli. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa watoto wawili wa kike, wa kwanza mwaka 2003 na wa pili mwaka 2008, na shemeji yetu huyu yupo hapa mbele, ndiye aliyevaa koti la kazini.

Alipata cheti cha uuguzi mwaka 2009 na stashahada mwaka 2016, vyote akiwa kazini, akahamishiwa kliniki ya akina mama, na kwa miaka sita alizunguka sokoni na kwenye vituo vya mabasi na kipaza sauti mkononi, akiwahimiza wanawake wakapime saratani ya mlango wa kizazi, akiwaambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kipimo chenyewe ni kifupi kuliko foleni ya bombani. Wengi mlioko hapa mlipimwa kwa mkono wake.

Tarehe 17 Oktoba 2022, akiwa na miaka arobaini na mitatu, aliingia chuo kikuu kusomea Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Afya, na siku hiyohiyo, katika ukumbi huohuo, aliingia pia binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameomba kozi moja na kozi ikawapokea wote. Nyumbani tulishangilia, tukasema nyumba moja itatoa wasomi wawili kwa mpigo, lakini binti hakushangilia, bali alimwomba mama yake wasikae pamoja, akawaambia wenzake kwamba yule ni mama mmoja wa mtaani kwao, na dada akakubali kuwa mama mmoja wa mtaani, akawa anakaa safu ya mbele peke yake na miwani yake na chupa yake ya chai.

Wiki ya tano, katika somo la biokemia, dada alinyanyua mkono akauliza swali, akakosea kutamka jina la kimeng'enya, ukumbi mzima ukacheka, na binti yake akacheka pamoja nao. Jioni ile dada alipika, akapakua, akampa binti sahani yake, akamwambia, "Leo nimekuona ukicheka, mwanangu, meno yako mazuri, sikupoteza bure pesa za dawa ya meno," kisha akaenda kuoga. Binti anasema kwamba laiti angepigwa ingekuwa afadhali, na kesho yake aliteremka ngazi za ukumbi ule mbele ya watu wote, akakaa safu ya mbele, akageuka nyuma akawaambia wenzake, "Huyu ni mama yangu mzazi, aliyemcheka jana alimcheka mama yangu, nikiwemo mimi."

Tangu siku hiyo hawakuachana, walisoma pamoja kwenye meza ya jikoni, mmoja akimenya viazi na mwingine akisoma kwa sauti, na biokemia ilipomwangusha dada mwishoni mwa mwaka, akalazimika kufanya mtihani wa marudio ambao wanafunzi huuita sapu, binti ndiye aliyemfundisha likizo nzima, dada akafaulu kwa alama hamsini na mbili, na yeye mwenyewe akajibatiza jina la Mama Sapu, ambalo ninyi wanafunzi wenzake mnalijua kuliko jina lake. Watu waliokuwa wakipita dirishani wanasema walikuwa wakisikia vicheko, wakadhani kuna wageni.

Ndugu waombolezaji, tarehe 12 Machi 2025, wakiwa mwaka wa tatu, mhadhiri alifundisha dalili za saratani ya mlango wa kizazi, dalili ambazo dada alikuwa akizitangaza kwa kipaza sauti miaka yote ile, na binti alimwona mama yake akiandika ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaweka kalamu chini. Njiani kurudi nyumbani alimwuliza, na dada hakuweza kudanganya, akakiri kwamba alikuwa akitokwa na damu tangu Januari, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa hata mara moja, kwa sababu kliniki ilikuwa ya wenzake, na aliona haya kulala kwenye kitanda kile na kutazamwa na watu anaokunywa nao chai. Binti akamsihi waende kesho yake, dada akasema, "Mitihani kwanza, imebaki miezi minne tu, nikianza mambo ya hospitali sasa mwaka umepotea, na baba yako usimwambie, niahidi." Binti akaahidi.

Alishika ahadi hiyo miezi minne, akimwona mama yake anapungua na kuacha chakula mapema, sisi wengine tukidhani ni masomo, tukimtania kwamba shahada inamla nyama, na tarehe 8 Julai 2025, katika mtihani wa dawa na matumizi yake, ikiwa imebaki mitihani miwili tu, dada alisimama kuomba karatasi ya kuongezea, akaanguka, na kiti chake kikabaki na damu.

Shemeji alimpeleka mwenyewe hospitali ya rufaa kwa gari la wagonjwa, mtu aliyepeleka wake za watu kwa miaka zaidi ya ishirini na minne, na msaidizi wake anasema alipiga king'ora njia nzima, hata pale ambapo barabara ilikuwa tupu. Vipimo vilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye kizazi na kuingia kwenye kibofu, figo zikawa zimeanza kuziba, akapewa mionzi na damu na kila kilichowezekana. Binti alimwuliza daktari kama ingekuwaje wangekuja Machi, daktari akafuta miwani yake, akasema, "Sitakudanganya, Machi tungekuwa na la kufanya."

Familia ingependa kuwaambia kwamba dada aliondoka ametulia, lakini binti ametukataza kusema uongo. Dada aliondoka na hasira. Alikuwa akisema, "Nilijua, nilijua kila kitu, nikakaa kimya kama mtu asiyejua kusoma," na alimwambia binti yake mara nyingi kwamba kosa si lake, ila binti alikuwa akitoka nje ya wodi kila aliposikia maneno hayo. Alhamisi ya tarehe 23 Oktoba ilikuja barua ya chuo ikimtaarifu kwamba, kwa kutokamilisha mitihani, anatakiwa kurudia mwaka wa tatu, tukataka kuificha, akaiomba, akaisoma mpaka chini kwenye mhuri, akasema, "Naurudia kwa mikono miwili, nipeni tu huo mwaka."

Hakupewa. Jumapili tarehe 26 Oktoba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, ameacha mume, watoto wawili, wadogo zake wanne, na shahada isiyofika mwisho. Chuo kimefungua, binti hajajiandikisha, vitabu amevipeleka kwa jirani ili asivione, na tukimwuliza anajibu kwamba kozi ile ilimfundisha dalili zote na haikumsaidia hata kufumbua mdomo. Tunawaomba mtakaompa mkono leo msimwambie kwamba atasahau.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, hasa yule ambaye hakutudanganya, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki, ambao wamelia kwa uchungu wa peke yao kwa sababu kipimo alichokosa kilikuwa kwao, mlango wa pili tu, inawashukuru majirani kwa maji, kuni na turubai, na wanafunzi wenzake wa mwaka wa nne, waliokuja na mabasi mawili na makoti yao meupe. Tunamshukuru pia binti yake, aliyemwogesha na kumlisha siku zote mia moja na kumi za kitanda, ingawa ametukataza kumshukuru na sasa hivi hayupo hapa kati yetu, amekaa chumbani kwa mama yake, mlango ameufunga.

Pumzika, dada yetu. Amani ukiipata huko uliko, ishike wewe, sisi huku bado hatujaiona.